Polarografia ya mkondo geu: mtikisiko wa milivolti 5 na majibu mawili yanayopishana

Tone la zebaki linaning'inia kwenye ncha ya mrija mwembamba wa kioo, ndani ya maji yenye chumvi. Linanenepa taratibu, linafikia kipenyo cha karibu milimita moja, linazidiwa na uzito wake na kudondoka. Kabla halijatua chini, jingine limeshaanza kuchungulia. Sekunde nne hivi kwa kila tone, saa nzima. Kwa tone hilo mwanakemia anaweza kukuambia kama maji hayo yana risasi au kadimi, na ni kiasi gani.

Njia hiyo inaitwa polarografia. Jaroslav Heyrovský aliigundua mwaka 1922 katika Chuo Kikuu cha Charles mjini Prague. Miaka miwili baadaye, yeye na Masuzo Shikata kutoka Japani walikuwa na mashine iliyochora grafu yenyewe, na mwaka 1959 Heyrovský akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Ninayotaka kuieleza hapa ni ndugu yake mdogo, polarografia ya mkondo geu, kwa sababu mara nyingi inaelezwa nusunusu. Utasikia kwamba ni polarografia ileile iliyoongezewa umeme wa mkondo geu, yaani unaokwenda na kurudi mfululizo, ili ione vitu vidogo zaidi. Si uongo, lakini maelezo hayo yanaficha kilicho kizuri kuliko vyote. Njia hii inauliza swali jingine kabisa. Ile ya zamani inauliza ioni ngapi zinafika kwenye tone. Hii inauliza ni kitu gani, kikitikiswa, kinaweza kwenda na kurudi, na kinachelewa kiasi gani kujibu.

Wimbi na mkondo usiotakiwa

Tuanze na ya zamani, maana bila hiyo ya pili haishikiki. Tone la zebaki ni elektrodi, yaani kipande cha metali kinachopitisha umeme kuingia au kutoka majini. Pembeni yake kuna elektrodi ya kurejelea, ambayo volteji yake haibadiliki. Kwa miaka mingi ya kalomeli ndiyo iliyozoeleka, na volteji zote nitakazotaja zimepimwa kwa kulinganishwa nayo. Volteji ya tone inasogezwa polepole kuelekea upande hasi huku mkondo ukisomwa.

Tuseme maji yana ioni za kadimi na kloridi ya potasiamu. Mwanzoni hakuna la maana linalotokea. Ukikaribia volti −0.6, ioni za kadimi zinaanza kupokea elektroni mbili kila moja, zinageuka kuwa metali na kuyeyuka ndani ya zebaki yenyewe. Mkondo unapanda. Kisha unafika mahali unagoma kupanda, hata ukiongeza volteji, kwa sababu kila ioni inayofika kwenye tone inamezwa papo hapo na zaidi ya hizo hakuna. Grafu inaonekana kama ngazi moja, na wenyewe wanaiita wimbi. Urefu wa wimbi unasema kiasi, kwa mlinganyo aliouandika Dionýz Ilkovič mwaka 1934. Volteji ya katikati ya wimbi inasema ni kitu gani: risasi karibu −0.4, kadimi karibu −0.6, zinki karibu −1.0.

Zebaki ilichaguliwa kwa sababu nzuri. Kila tone ni uso mpya, safi, usio na kumbukumbu ya tone lililopita. Tena haidrojeni haipendi kutokea juu ya zebaki, kwa hiyo unaweza kwenda mbali upande hasi bila mapovu kukuharibia kazi.

Shida inaanza unapotafuta vitu vichache. Uso wa zebaki ndani ya maji ya chumvi ni kapasita, yaani ghala la chaji ya umeme: upande mmoja kuna chaji ya metali, upande wa pili ioni zimejipanga kuikabili, umbali kati yao mdogo kuliko nanomita moja. Tone linapokua, uso unaongezeka, na kila kipande kipya cha uso kinataka kuchajiwa. Mkondo huo hauna habari yoyote ya kadimi, lakini mita inausoma pamoja na ule wa kadimi. Ukolezi ukishuka hadi kama mole 0.00001 kwa lita (mole ni kipimo cha wanakemia cha idadi ya chembe), yaani miligramu 1.1 hivi ya kadimi katika lita, mikondo hiyo miwili inakaribia kulingana. Ukishuka zaidi ya hapo, unapima kapasita.

Kuna shida ya pili, inayosahaulika. Mawimbi yanapandiana. Kama maji yana risasi nyingi na kadimi kidogo, wimbi la kadimi linaanzia juu ya mkondo mkubwa wa risasi, na unajikuta unatafuta kijiti juu ya paa la ghorofa.

Kutikisa badala ya kusukuma tu

Mwaka 1946, huko Sydney, Australia, Bruno Breyer na Felix Gutmann walianza kuchapisha kazi zilizoijenga polarografia ya mkondo geu kuwa njia ya uchambuzi. Volteji bado inasogezwa polepole kuelekea upande hasi kama zamani, ila juu yake unawekwa mtikisiko mdogo: milivolti 5 hivi juu na chini, makumi au mamia ya mara kwa sekunde. Kisha unaachana na mkondo mkubwa unaotembea polepole, unasoma ule tu unaotikisika kwa mwendo uleule uliouweka.

Rudi kwenye ngazi ya kadimi, uitikise ukiwa sehemu tatu tofauti. Chini kabisa, kabla ya wimbi, milivolti 5 hazibadilishi kitu: ioni hazijaanza kupokea elektroni, na hazitaanza kwa sababu umezisogeza kidogo. Juu kabisa, baada ya wimbi, hali ni hiyohiyo kwa sababu iliyo kinyume: kila ioni inayofika imeshamezwa, na milivolti 5 haziwezi kumeza ioni ambayo haipo. Katikati ya mwinuko mambo ni tofauti. Pale, nusu ya kadimi kwenye uso ni ioni na nusu ni metali ndani ya zebaki. Sogeza volteji kidogo upande hasi, ioni kadhaa zinaingia. Irudishe, kadimi inatoka tena kuwa ioni. Inaingia na kutoka, ikifuata mtikisiko.

Kwa hiyo badala ya ngazi unapata kilele, na ncha yake iko kwenye volteji ileile ya katikati ya wimbi. Kwa mchakato unaokwenda na kurudi bila kizuizi, upana wa kilele katikati ya urefu wake ni milivolti 90 zikigawanywa kwa idadi ya elektroni. Kwa kadimi na risasi, zenye elektroni mbili, ni kama 45. Baada ya kilele mkondo unarudi chini. Hapo shida ya pili imetatuliwa bila jasho: risasi nyingi inapita, grafu inashuka, na kadimi inasimama peke yake milivolti 200 mbele. Kwangu faida hii ina uzito kuliko ile ya kuona vitu vidogo, ambayo ndiyo inayosifiwa kila mara.

Milivolti 5 nazo si namba ya kubahatisha. Kipimo cha asili hapa ni milivolti 25.7, nishati ya joto la nyuzi 25 kwa kila chaji ya elektroni moja, nayo inagawanywa kwa mbili pale elektroni zinapokuwa mbili. Mtikisiko ukiwa mdogo kuliko hapo, mkondo unakua sambamba nao na kilele kinabaki na umbo lake. Ukiongeza kupita kiasi, kilele kinapanuka na majirani wanaanza kuingiliana.

Hesabu ya tone moja

Mpaka hapa sijasema lolote kuhusu ile kapasita, na ndiyo kiini cha habari. Tuifanyie hesabu.

Chukua tone la kipenyo cha milimita 0.8. Uso wake ni sentimita mraba 0.02. Kila sentimita mraba ya uso huo ina uwezo wa takriban maikrofaradi 20, kwa hiyo tone letu ni kapasita ya maikrofaradi 0.4. Litikise kwa milivolti 5, mara 80 kwa sekunde. (Nimechagua 80 kwa makusudi: umeme wa gridi una hezi 50 au 60, na mtu makini hatikisi kwa mwendo ambao ukuta wa maabara tayari unautikisa.) Mkondo wa kapasita unatoka maikroampia 1.0.

Sasa kadimi yenyewe. Mlinganyo wa kilele unasema mkondo unakua pamoja na ukolezi, eneo la uso, ukubwa wa mtikisiko, mraba wa idadi ya elektroni, na kipeuo cha pili cha frikwensi, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde. Weka mole 0.0001 kwa lita, utapata kama maikroampia 2.2. Vizuri. Weka mara kumi pungufu, unabaki na 0.22. Hapo kapasita imeshaizidi kadimi zaidi ya mara nne.

Kwa maneno mengine, mkondo geu peke yake haujaleta nafuu. Kwa upande wa kapasita umeleta hasara. Mtu anaweza kudhani dawa ni kutikisa haraka zaidi. Jaribu: frikwensi mara nne, yaani hezi 320. Kadimi inapanda mara mbili tu, hadi 0.45. Kapasita inapanda mara nne, hadi 4.0. Umezidi kuzama.

Tofauti hiyo ya mara mbili na mara nne inafaa ieleweke. Kapasita haisubiri mtu; chaji yake iko pale pale usoni, na ukiitikisa mara nne kwa kasi inajibu mara nne. Kadimi lazima isafiri. Kwa hezi 80, mtikisiko wa ioni unaingia ndani ya maji kiasi cha mikromita 2 hivi kutoka kwenye uso wa zebaki, kisha unafifia. Ukiongeza frikwensi, ioni zinapata muda mfupi zaidi wa kusafiri na tabaka hilo linazidi kuwa jembamba. Unapata safari nyingi, lakini kila safari inabeba kidogo.

Robo ya mzunguko

Wokovu umefichwa ndani ya huohuo uvivu wa kadimi. Mikondo miwili haijibu kwa wakati mmoja.

Fikiria volteji ikipanda na kushuka kama wimbi laini. Kapasita inapitisha mkondo mwingi zaidi pale volteji inapobadilika kwa kasi kubwa zaidi, yaani inapovuka katikati; volteji ikifika kileleni na kutulia nukta moja, mkondo wa kapasita ni sifuri. Kwa hiyo mkondo wake unaitangulia volteji kwa robo ya mzunguko, digrii 90. Ukinzani wa kawaida, kama waya, unajibu papo hapo: digrii 0. Kadimi inayokwenda na kurudi kwa uhuru, ikizuiwa tu na safari yake majini, inaangukia katikati kabisa: digrii 45.

Sasa tengeneza chombo chenye sikio la kuchagua. Kinachukua mkondo wote, kinauzidisha kwa wimbi linalokwenda sambamba na volteji, kisha kinatafuta wastani. Mkondo wa digrii 90 unakuwa chanya nusu ya muda na hasi nusu nyingine, na wastani wake ni sifuri. Mkondo wa digrii 45 unabakiza sehemu 0.71 yake. Kwenye hesabu yetu ya mole 0.00001, kapasita ya maikroampia 1.0 inatoweka na kadimi inabaki na 0.16. Adui aliyekuwa mkubwa mara nne ameondoka, na hatukugusa kemia hata kidogo. Tumesikiliza kwa wakati unaofaa, basi.

Napenda sana hatua hii, na kwa sababu naipenda lazima niseme inapokwama. Maji yenyewe yana ukinzani. Tuseme omu 100 kati ya tone na elektrodi ya kurejelea. Omu hizo zinaisogeza kapasita kutoka digrii 90 hadi karibu 89, na kwa digrii hiyo moja, sehemu ya mkondo wake inavuja kwenye sikio letu: maikroampia 0.02. Si nyingi, mpaka utakapotafuta mole 0.000001 kwa lita, ambapo kadimi yenyewe inatoa 0.016. Digrii moja tu, na kadimi imefunikwa tena.

Ndiyo maana vifaa vya kazi hii vina elektrodi tatu na saketi inayofidia ukinzani wa maji. Ndiyo maana pia chumvi inawekwa kwa ukarimu, kati ya mole 0.1 na 1 kwa lita, na mkondo unasomwa mwisho wa uhai wa tone, wakati uso haukui tena kwa kasi. Ukichunga haya yote unaweza kushuka mpaka mole 0.000001 kwa lita, na katika hali nzuri chini ya hapo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kadimi katika maji ya kunywa isizidi miligramu 0.003 kwa lita, na kiwango hicho ni kidogo kuliko uwezo huo. Kwa kazi kama hiyo tone linazuiwa lisidondoke, linashikiliwa kwenye volteji hasi zaidi kwa dakika kadhaa ili kadimi irundikane ndani yake, kisha volteji inarudishwa huku mtikisiko ukiwa umewashwa. Kilele unachokisoma ni cha kadimi inayotoka.

Kuna mlango mwingine wa kumkwepa adui huyo, nao ni mzuri. Kapasita ni mtiifu: itikise mara 80 kwa sekunde, inajibu mara 80, karibu bila ziada. Ngazi ya kadimi imepinda, na kitu kilichopinda kikitikiswa kinatoa pia sauti ya juu yake, mara 160. Weka sikio kwenye 160 na kapasita inakuwa kama haipo. Unachokiona hapo ni vilele viwili mgongo kwa mgongo, na katikati yao mkondo unagusa sifuri kwenye volteji ya katikati ya wimbi, mahali panapoweza kusomwa kwa usahihi mkubwa.

Njia ya tatu waliileta Barker na Jenkins mwaka 1952 huko Uingereza: mtikisiko wa pembe mraba badala ya wimbi laini. Volteji inaruka, kapasita inajaa na kunyamaza haraka, kadimi inaendelea kuingia, na mkondo unasomwa baada ya kapasita kunyamaza. Mantiki ni ileile ya kutumia muda. Njia hii ndiyo iliyoenea zaidi kwenye vifaa vya leo.

Wasiojibu, na wanaojibu bila elektroni

Kwa kuwa mkondo geu unataka kwenda na kurudi, kitu kinachokwenda bila kurudi kinaonekana hafifu. Oksijeni iliyoyeyuka majini ni mfano wa kila siku. Katika polarografia ya zamani inatoa mawimbi mawili makubwa yanayofunika kila kitu. Ikishapokea elektroni juu ya zebaki hairudi kirahisi, kwa hiyo mtikisiko unaipita karibu bila kuiona. Wapo waliochukua hilo kama ruhusa ya kutopuliza naitrojeni kwenye sampuli. Mimi siwaungi mkono. Oksijeni inayopokea elektroni inaacha haidroksidi karibu na tone, na ioni za metali zinaweza kuganda nazo kabla hazijafika. Dakika kumi za naitrojeni ni bei ndogo.

Upande wa pili kuna vitu ambavyo havipokei elektroni kabisa na bado vinatoa vilele. Sabuni, alkoholi na molekuli nyingine zinazopenda kukaa usoni hujibandika kwenye zebaki na kuipunguza kapasita yake. Volteji ikifika mbali vya kutosha zinabanduka, na pale pale kwenye mpaka wa kubanduka mtikisiko unazifanya zibanduke na kujibandika tena. Chaji inaingia na kutoka, kilele kinatokea, na hakuna ioni iliyobadilika. Mwaka 1952 Breyer na Hacobian waliigeuza tabia hii kuwa njia ya upimaji, ikaitwa tensametria. Kapasita tuliyokuwa tukiifukuza ikawa ndiyo shahidi, na vitu ambavyo polarografia ya zamani haikuweza kuvigusa vikaanza kupimika.

Zebaki yenyewe inaondoka maabara. Ni sumu, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ulioanza kutumika 2017, umeyabana matumizi yake duniani. Mtikisiko umehamia kwenye elektrodi za kaboni, dhahabu na bismuthi, ambako jina linabadilika kuwa voltametria ya mkondo geu, lakini digrii 45 na 90 ni zilezile.

Na kwa yeyote atakayekaa mbele ya grafu yenye kilele asichokijua, kuna jaribio la dakika chache. Ongeza frikwensi mara nne, usiguse kingine. Kilele kikipanda mara mbili, mbele yako kuna kitu kinachosafiri majini na kubadilishana elektroni bila kizuizi. Kikipanda mara nne, ni kapasita: kuna kitu kimejibandika kwenye uso, na pengine chombo hakikuoshwa vizuri. Kikipanda kidogo tu au kugoma kabisa, basi ioni zinafika kwa wakati na elektroni ndizo zinazosita kuvuka. Pima kuchelewa kwake kwa frikwensi kadhaa, na utapata kasi ya uvukaji huo.